Farasi wa bure, punda wawili, au jozi ya maksai? Shamba ni ekari nne, Kakuyuni

BabaKadzo (Malindi)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu waliofuga kwa mikono yao.

Nina ekari nne huku Kakuyuni, nimeachiwa na marehemu baba. Mbili ni mahindi na kunde, moja ina minazi na miembe, iliyobaki ni nyasi na vichaka. Maji tunateka bomba la kijiji, kilomita moja na nusu kutoka nyumbani, mitungi sita hadi minane kwa siku, na anayeumia mgongo ni mke wangu. Msimu wa maembe nayatoa magunia hadi barabarani kwa bodaboda, na nauli inakula karibu faida yote.

Sasa yuko mzee mmoja wa Kizungu mjini aliyekuwa na farasi wawili wa kupanda. Mmoja alikufa mwaka jana, na yeye mwenyewe anarudi kwao. Aliyebaki ni jike wa rangi ya kahawia, miaka 17. Anataka kunipa bure pamoja na matandiko yote, kwa kuwa nimemletea majani muda mrefu na mnyama amenizoea. Binti yangu ana miaka 11. Tangu siku nilipokwenda naye, halali bila kunitajia huyo farasi.

Kwa hiyo nina njia tatu. Nimchukue farasi. Au ninunue punda wawili na mkokoteni. Au nichukue jozi ya maksai ambayo shemeji yangu anaiuza, wameshafunzwa nira. Mfukoni nina kama shilingi 60,000 na siwezi kukopa. Nifanye lipi?

MamaUfuta (Hindi, Lamu)

Baba Kadzo, chukua maksai. Mimi nalima ekari sita za mahindi na ufuta huku Hindi, na jozi yangu ndiyo iliyonitoa kwenye jembe la mkono. Ardhi yetu ni ya kichanga, plau inapita hata kwa ng'ombe wadogo wa kienyeji. Naingia shambani alfajiri, saa nne nafungua nira kabla jua halijawachoma.

Faida kubwa iko kwenye mvua. Ukiwa na nira yako, masika ikidondosha mvua ya kwanza ya maana wewe unalima kesho yake. Asiye na nira anasubiri trekta la kukodi limalize mashamba ya wenye pesa, na likimfikia wiki tatu zimepita. Mahindi ya wiki ya kwanza na ya wiki ya nne hayafanani hata kidogo, hilo mwenyewe unalijua.

Halafu maksai akizeeka anauzika. Unamnenepesha, unampeleka mnadani, unarudi na ndama wawili. Farasi akizeeka utampeleka wapi? Punda naye kwetu haliwi. Kibaya cha maksai ni kupe. Usipowaogesha dawa kwa mpango, ndigana itakumalizia jozi nzima ndani ya wiki mbili. Mimi mwaka wa kwanza nilizembea nikapoteza mmoja, na maksai mmoja peke yake halimi.

KijanaWaGongoni

Kaka, kwa 60,000 unapata pikipiki ya mkono wa pili iliyo katika hali nzuri. Maji, maembe, mtoto shule, yote inabeba.

BabaKadzo (Malindi)

Nimeifikiria sana. Lakini siku ambayo sina pesa ya petroli pikipiki haiendi, na siku hizo kwangu ni nyingi kuliko zile nyingine. Nyasi ninazo. Asante lakini.

MamaUfuta, nimekusikia. Swali langu: maksai wako wanabeba maji?

MamaUfuta (Hindi, Lamu)

Wanavuta mkokoteni, ndiyo. Lakini kuwafunga nira kila asubuhi kwa ajili ya mitungi minane ni kazi nzito, na huwezi kumwachia mtoto wa miaka 11. Kwa maji mimi mwenyewe nina punda mmoja.

SaisiMstaafu (Mtondia)

Baba Kadzo, salaam. Nimefanya kazi ya usaisi miaka kumi na tisa. Nilianzia Gilgil kwenye farasi wa polo, nikaenda Nanyuki, mwisho nikarudi pwani kwa mwajiri aliyekuwa na farasi wa kupanda ufukweni. Leo niko kwetu nafuga mbuzi. Nampenda farasi kuliko mnyama mwingine yeyote, na kwa mapenzi hayohayo nakuambia usimchukue.

Anza na chakula. Farasi wa kilo 400 anataka kama kilo nane za majani makavu kila siku. Hiyo nusu ekari au ekari yako ya nyasi itamshibisha wakati wa mvua. Ikifika Januari hadi Machi, jua la kaskazi likishaichoma, utanunua. Siku 90 kwa kilo nane ni kilo 720. Robota la nyasi kavu lina kama kilo 15, kwa hiyo unahitaji marobota 48. Mwisho nilinunua kwa 450 pamoja na usafiri. Hiyo ni shilingi 21,600 kwa miezi mitatu tu, hujagusa pumba, chumvi, dawa ya minyoo wala mtu wa kukata kwato. Maji nayo, siku ya joto anakunywa hata lita 40. Ni mitungi miwili inayoongezeka kwenye ile inayomuumiza mkeo.

Jambo la pili ni mchanga. Hili nilijifunza pwani, bara hatukuwa nalo. Nyasi zikiwa fupi farasi anang'oa na mizizi, na mizizi inakuja na mchanga. Farasi hawezi kutapika, kilichoshuka kimeshuka. Mchanga unatua tumboni kidogo kidogo kwa miezi. Nilikuwa nampima kila Jumamosi hivi: nachukua vibonge sita vya mavi mapya, vya juu visivyogusa ardhi, navitia kwenye ndoo nyeupe, namimina maji, navivunja kwa mkono na kukoroga. Nasubiri robo saa. Kisha namwaga taratibu. Majani yote yanaondoka na maji, na kinachobaki kwenye pembe ya ndoo ndicho alichokibeba. Kikijaa kijiko cha chai naanza kuogopa.

Jike wetu mmoja tulimkosa. Jioni aliacha chakula. Akawa anageuza shingo kuutazama ubavu wake, anachimba chini kwa mguu wa mbele, kisha akalala na kugaagaa. Nilimtembeza kwa hatamu usiku kucha, nikimzuia asilale, jasho linamchuruzika kama aliyetoka kuogelea. Daktari wa ng'ombe alikuwapo karibu, wa farasi hakuwapo. Aliyeitwa alifika saa tatu asubuhi. Saa nne akafa, kichwa chake kiko mapajani mwangu. Siku hiyo ndiyo iliyonirudisha nyumbani.

Na uko karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwenye mbung'o. Nagana, ule ugonjwa wa mbung'o, kwa farasi haina subira kama kwa ng'ombe wa kienyeji. Kuna na yale maradhi ya farasi ya Afrika yanayoletwa na usubi wakati wa mvua. Farasi asiyechanjwa akiyapata, mara nyingi ndiyo mwisho wake, wakati punda aghalabu hata haoneshi kwamba anaumwa. Kuna na pepopunda. Kiswahili kimempa punda jina la ugonjwa huo, lakini farasi naye unamuua upesi sana, kidonda kidogo cha msumari kinatosha. Zote hizo zina chanjo au dawa. Swali ni nani atakayekuja Kakuyuni kuzitoa.

MwalimuWaGede

Naheshimu aliyosema mzee Saisi, lakini naona tunamhesabu farasi kama gunia la mbolea. Nilikulia katika nyumba yenye wanyama. Mtoto aliyeamka alfajiri kumlisha mnyama mkubwa kuliko yeye, akajifunza kusimama ubavuni pake bila kumshtua, anapata kitu ambacho mimi darasani sina uwezo wa kumpa. Binti wa miaka 11 anayelilia farasi si jambo dogo. Na mbolea yake ni nzuri kwa minazi. Je, haiwezekani akapandisha wageni kidogo siku za sikukuu, pesa hiyo ikanunua majani?

SaisiMstaafu (Mtondia)

Mwalimu, uliyosema kuhusu mtoto ni kweli tupu. Mimi mwenyewe niliingia kwenye mazizi nikiwa na miaka 14, na yote ninayoyajua kuhusu subira nimefundishwa na farasi.

Lakini tazama upande wa mnyama. Ana miaka 17. Anaweza kuishi mingine kumi, na hiyo kumi ndiyo ya meno kuchongoka na kupigwa tupa, ndiyo ya kukonda ghafla. Hajawahi kuvuta mkokoteni, na kumfundisha sasa ni hatari kwa mtoto na kwa yeye mwenyewe. Kupandisha wageni kunataka farasi mtulivu na mtu wa kumshika kila dakika. Na zaidi ya yote, mwenzake amekufa. Farasi ni mnyama wa kundi. Akikaa peke yake analia kwa sauti usiku, anazunguka uzio mpaka anachimba njia. Mtu atakuambia umwekee punda wa kumliwaza, na kweli wanazoeana. Ila punda wengi wana minyoo ya mapafu bila kuonesha dalili yoyote, na farasi akiipata anakohoa miezi.

Mwambie huyo mzee wa Kizungu atafute mtu wa bara mwenye farasi wengine, kwenye baridi, penye nyasi. Amlipie lori. Hiyo ndiyo zawadi anayostahili kupewa jike huyo.

NdegeWaMbali (Pennsylvania, asili Pate)

Assalaam aleikum jamaa wa nyumbani. Mimi naishi jirani na Lancaster, penye jamii ya Waamishi. Hawa ni wakulima wa mashamba madogo ya familia ambao mpaka leo hawaingizi trekta shambani. Kila nikipita nawaona, mtu na watoto wake, wanyama wanne au sita wamefungwa safu moja, plau inageuza udongo mweusi. Kwa hiyo farasi katika shamba dogo si ndoto, nawaona kwa macho.

Lakini nimewatazama miaka na nimeona jambo. Ndani ya mwendo wa nusu saa, mkulima yule ana fundi wa kwato, mtengeneza hatamu, daktari wa farasi, mnada wa farasi na majirani kumi wanaojua kumzalisha. Majira ya baridi yanaua wadudu. Ghala limejaa majani tangu Juni. Mkulima anamfuga farasi mmoja, na mji mzima unamsaidia kumfuga. Ukimng'oa farasi kutoka katikati ya watu hao ukamleta Kakuyuni, umeleta mnyama, msaada wake wote umebaki kule.

Na jambo jingine litawashangaza. Gari la kwenda kanisani linavutwa na farasi, ila shambani wengi wao wanamtumia nyumbu, yule baghala, mtoto wa punda dume na farasi jike. Wanasema anakula kidogo, anavumilia joto, na hajitii kwenye hatari. Yaani hata pale farasi alipo na kila kitu, kazi ngumu wamempa mwenye damu ya punda.

BabaKadzo (Malindi)

Ndege, basi huyu jike akipandishwa na punda dume nitapata nyumbu?

NdegeWaMbali (Pennsylvania, asili Pate)

Inawezekana, ila usiingie huko. Kwa miaka 17 kuzaa kwa mara ya kwanza ni hatari, mimba ni miezi kumi na moja, kisha usubiri miaka mitatu kabla ya kumtia kazini. Na nyumbu hazai. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, mtoto anatoka na 63 na uzazi unakomea hapo.

BintiShela (Lamu)

Kaka Baba Kadzo, mimi nimelelewa na pesa ya punda. Baba yangu alikuwa na punda watano, wakibeba mchanga, saruji na mawe ya matumbawe kwenye vichochoro vya Mji wa Kale ambamo gari haliingii. Ada yangu ya sekondari ilitoka mgongoni mwao, nalisema hili bila aibu.

Ninachotaka kukuambia ni kwamba watu wananunua punda kwa sababu ni rahisi, kisha wanamtumia kama kitu rahisi. Tazama punda wa mtu kwenye shina la mkia. Ukiona kovu jeupe lisilo na nywele, hapo pamefungwa kamba ya nailoni ya kuzuia mzigo usiende mbele, na ikamkata. Baba alikuwa akiikunja kamba hiyo ndani ya kitambaa cha kanga kuukuu, zamu nne, akiishona. Punda wake hakuna hata mmoja aliyekuwa na kovu hilo.

Sisi Lamu tuna bahati, zahanati ya punda iko hapa tangu 1987 na inatibu bila malipo. Huko Kakuyuni huna, kwa hiyo kinga ndiyo tiba yako: dawa ya minyoo kwa wakati, chanjo ya pepopunda, na usiwaache wazurure jalalani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 hali imekuwa nafuu, lakini bado punda anakula kamba na magunia ya nailoni, yanajifunga tumboni.

Pili, wafunge zizini usiku. Ile biashara ya ngozi za punda imetuumiza. Machinjio yalipofunguliwa kuanzia 2016, punda wakaanza kuibwa kila pembe ya nchi. Sensa ya 2009 ilihesabu kama milioni 1.8 Kenya nzima, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku 2020, mahakama ikatengua mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakataza biashara hiyo bara zima. Hata hivyo wezi bado wapo, wanawachinjia vichakani.

Tatu, nunua wawili wanaojuana. Usinunue mmoja huku na mwingine kule. Punda wetu Mwezi alipokufa, mwenzake alisimama pale alipoangukia siku mbili, tukimpelekea maji palepale. Baba alisema tumwache amalize. Siku ya tatu akaja mwenyewe zizini.

BabaKadzo (Malindi)

Dada, nimesoma hili la mwisho nikamsomea na mke wangu.

Naona nimeshaamua, ila nimalizie maswali. Maksai kwa ekari mbili za mahindi naona ni wengi, nitaendelea kukodi nira ya shemeji. Kilichonibana ni maji na maembe, na hiyo ni kazi ya punda. Je, punda anabeba mitungi mingapi? Huku kwetu wanapakia minne ya lita 20.

MzeeWaMatondoni (Lamu)

Mwanangu, minne ni kilo 80 na ushei. Punda wetu hawa wana kama kilo 150. Usimpakie zaidi ya thuluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Mitungi miwili, mmoja kila upande, ukiwa sawasawa. Mzigo ukilala upande mmoja, uti wa mgongo ndio unaolipa. Ukiwa na punda wawili, mitungi minane ni safari mbili, asubuhi na jioni. Mkokoteni ni bora zaidi kwa maembe, kwani kuvuta ni kwepesi kuliko kubeba, ila kwenye mchanga mwingi chagua magurudumu mapana.

Watu wanasema punda haendi bila ya kigongo. Mimi nimeswaga punda tangu enzi ya babangu na nakuambia yuwenda kwa sauti. Akisimama, mwulize kwanza kwato, tumbo na mzigo. Tisa kati ya kumi pana jambo.

Kwato zake kwenye mchanga hazisagiki kama kwenye mawe yetu ya mjini, zitakua mpaka zipinde. Kila miezi miwili zitazame, zipigwe tupa. Jike wa miaka minne au mitano ndiye wa kuanza naye. Mfungue mdomo umwone meno kabla hujatoa pesa.

Na usipakie juu ya ngozi tupu. Chini liwe tandiko la magunia yaliyojazwa majani makavu, lenye mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Juu ndipo lije shogi la miyaa, ule mfuko wa pande mbili wa kubebea mzigo.

BabaKadzo (Malindi)

Shukrani sana mzee, na nyote. Leo nimekwenda kwa yule mzee wa Kizungu nikamweleza aliyosema Saisi, mpaka ile ndoo nyeupe. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema ana rafiki Nanyuki mwenye farasi wanne, atampigia. Kadzo alimlisha jike maembe mawili, akamkumbatia shingo, tukarudi nyumbani. Njiani alilia. Sikumkataza.

Jioni nimempeleka kuwatazama punda wawili wa jirani wa Jilore, mama na bintiye, wanauzwa pamoja 32,000. Yule mdogo alimnusa mkononi akaacha sikio moja limelala upande. Kadzo ameshampa jina na hataki kuniambia.

Mzee, shogi napata wapi?

MzeeWaMatondoni (Lamu)

Nitakusukia mawili, nauli ya basi utalipa wewe. Mwambie Kadzo achukue kamba, ampime kila punda kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha kutoka begani hadi nyonga. Afunge fundo kila kipimo kinapokomea. Kamba ya mama aifunge uzi mwekundu nisizichanganye. Unitumie hizo kamba zenyewe, usinitumie namba.